Maua ya Bibi Arusi Yatoke Wapi?

 

Miezi ya arusi imeingia. Huku kwetu Makutupora (siyo ile ya Manyoni inayotajwa kwenye habari za reli mpya, ni hii ya zabibu na visima vya maji, kaskazini mwa Dodoma upande wa barabara ya Kondoa) arusi nyingi hufungwa kati ya Juni na Oktoba. Sababu yake kila mama anaijua. Mavuno yamekwisha kuingia ndani, njia hazina tope, na ndugu wana nafasi ya kusafiri. Lakini hiyo ndiyo miezi ambayo pori letu karibu halina ua hata moja. Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, nayo kwa mwaka mzima ni milimita 500 hadi 600 hivi. Ikifika Agosti mibuyu imesimama mitupu, upepo unapeperusha vumbi, na mbuzi wanatafuna vijiti. Basi ni katika Agosti hiyo kamati ya arusi inapokaa chini ya mti, na katibu akafungua daftari na kusoma: "Mapambo na maua."

Kipengele hicho kifupi kimeleta maneno mengi katika familia. Tumepokea barua kadhaa juu yake, na moja tutaieleza hapa chini. Kwa hiyo mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya maua ya arusi: desturi hii ilitufikiaje, wenzetu wa mahali pengine wanayatumiaje, na sisi wa nchi kavu tufanye nini.

Tuanze nyumbani. Akina bibi zetu wa Kigogo hawakuolewa na maua. Mtu aliyetaka kujua kama binti ameolewa kwa heshima alihesabu ng'ombe, tena akauliza mjomba amepata nini, kwa kuwa mahari ya Kigogo hugawanywa kwa ndugu wa upande wa baba na wa upande wa mama pia. Urembo wa binti ulikuwa shanga na mafuta. Wanawake wakabana ngoma za muheme katikati ya mapaja, wakazipiga mpaka vumbi likapanda. Shanga hazinyauki wala hazihitaji ndoo ya maji, na mama aliweza kumvisha binti yake shanga alizovaa yeye mwenyewe. Watu wa nchi isiyo na maji walijichagulia pambo lisilokunywa maji, na hapo tunaona busara kubwa.

Ndiyo maana wazee wengine hushangaa mpaka leo. Maua yaliyofungwa pamoja wao wameyazoea makaburini, na lugha yetu haikutusaidia, kwa maana shada la bibi arusi na shada la msiba ni neno moja. Bibi mmoja wa hapa kwetu aliona gari likiteremsha maua kanisani kwa ajili ya mjukuu wake, akauliza kwa sauti ya chini, "Nani tena amefariki?" Vijana walicheka. Lakini swali lake halikuwa la kijinga hata kidogo. Lipo ua moja zito, la rangi ya njano au ya machungwa, ambalo asili yake ni Mexico na nchi za jirani. Wamexico huliita cempasúchil, na kila mwaka tarehe 1 na 2 Novemba hulipanga kwa wingi makaburini na nyumbani kwa kuwakumbuka marehemu wao. Ua hilo hilo lilivuka bahari likafika India, na huko ndilo linalotungwa makoja ya arusi! Bibi arusi wa Kihindu humvika bwana arusi koja shingoni, naye humvika yeye, na kwa kubadilishana huko watu wanajua kwamba wamekubaliana. Huko Ufaransa nako, mgeni akimpelekea mwenyeji wake krisanthemu nyumbani atatazamwa vibaya, kwa sababu ndiyo maua wanayoyapeleka makaburini siku ya Watakatifu Wote. Ua halikuzaliwa na maana yake. Maana hupewa na watu wanaolishika.

Sasa, hili shada jeupe ambalo binti zetu hulishika pamoja na shela lilitoka wapi? Lilikuja na gauni jeupe, na gauni jeupe lilienezwa sana na arusi moja ya Uingereza. Tarehe 10 Februari 1840 Malkia Victoria aliolewa na Albert. Badala ya kuvaa taji la dhahabu alivaa kichwani taji la maua ya mchungwa. Wazungu walilipenda ua la mchungwa kwa sababu mti ule huweza kubeba maua na matunda kwa wakati mmoja, wakaliona ni dalili ya uzazi. Picha za arusi ile zilichapwa na kuenea, mabinti wa matajiri wakaiga, kisha mabinti wa watu wa kawaida nao wakafuata. (Akina mama wa Muheza wasomao ukurasa huu watacheka: ua alilovaa Malkia linawaangukia uani kila mwaka wakalifagia.) Wamisionari wa CMS walipofika Mpwapwa katika miaka ya 1870, huko kwao desturi hiyo ilikuwa na umri wa miaka kama 40 tu. Haikutoka katika Biblia wala katika zama za mitume. Tunalisema hili kwa sababu tumesikia wapambaji wakiwaambia wazazi kwamba bibi arusi bila shada jeupe "hajakamilika kikanisa." Si kweli.

Tena ukilitazama kanisa la kwanza utaona kinyume chake. Wakati ule Warumi walivaa mataji ya maua katika karamu, katika ibada za miungu yao, na katika arusi. Mwanzoni mwa karne ya 3, Tertuliano wa Karthago, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, aliandika kitabu kizima akiwakataza Wakristo kuvaa mataji hayo, na ya arusi akiyataja, kwa kuwa aliyaona ni mambo ya kipagani. Miaka kama 200 baadaye mambo yamegeuka. Yohane Krisostomo anawaeleza waumini wake kwamba mataji ya maarusi ni alama ya ushindi, kama ya mtu aliyeshinda mashindano, maana wamefika kwenye ndoa bila kushindwa na tamaa. Makanisa ya Waorthodoksi huwavika maarusi mataji mpaka leo, na huko Ethiopia utayaona pia. Kwa hiyo ndugu zetu wanaohubiri kwamba maua kanisani ni upagani, na wale wanaohubiri kwamba bila maua hakuna arusi, wote wawili wana wenzao wa zamani sana wa kubishana nao. Sisi tungewashauri tu muulize mchungaji au padre wenu kabla ya kupamba, hasa wakati wa Kwaresima, ambapo makanisa mengine hayaweki maua altareni.

Katika habari za hao Warumi tumekuta jambo moja lililotupendeza. Mwandishi wao aitwaye Festus anaeleza kwamba bibi arusi alivaa chini ya shela yake taji dogo la maua na majani aliyoyachuma kwa mkono wake mwenyewe. Fikirini binti anaamka mapema siku ya arusi yake, anatoka kwenda kuchuma. Tutalirudia jambo hili.

Twende pwani, maana pwani ndiko Waswahili wenyewe wanakojua maua kuliko sisi sote. Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa, arusi hunukia kabla hujaiona. Ua lao kubwa ni asmini. Huchumwa jioni likiwa bado limefumba, likatungwa kwa uzi, na usiku linapofunguka ndipo harufu yake inapojaa chumba. Wanawake hutengeneza vikuba. Kikuba ni kitita kidogo chenye asmini, majani ya mrehani, waridi, na ua la mkadi lililokatwakatwa, na mwanamke hukibandika kifuani au kwenye nywele. Bibi arusi wa pwani hupakwa hina, husingwa, hufukizwa udi, na somo wake ndiye anayemwelekeza hatua kwa hatua. Kitandani kwake humwagwa maua ya langilangi. Hayo ni maua yenye asili ya Asia ya kusini-mashariki ambayo leo Visiwa vya Komoro vinaongoza duniani kwa kukamua mafuta yake ya manukato.

Tazameni tofauti iliyopo hapo. Maua yetu ya bara ni ya macho, hasa macho ya kamera. Tunataka yawe makubwa, meupe, yasionyeshe mkunjo kwenye picha. Maua ya pwani ni ya pua. Kikuba hakionekani vizuri hata kwenye picha; ni kitita cha majani tu. Lakini mume akimkaribia mkewe atakijua, na mke akikikuta kimekauka kwenye kanga yake wiki ijayo atakumbuka. Hatusemi kwamba huku bara tuanze kutafuta mkadi. Tunasema tu kwamba wenzetu walijua wanamletea nani maua yale.

Na asmini haikukaa pwani ya Afrika peke yake. Ukizunguka Bahari ya Hindi utaikuta kila bandari. Kusini mwa India wanawake huisuka nywelele, na bibi arusi huwa na mkia mzima wa asmini mgongoni. Kisiwani Java bibi arusi huteremshiwa minyororo ya asmini kutoka kichwani mpaka kifuani. Ukivuka mbali zaidi, katika visiwa vya Hawaii vilivyo Bahari ya Pasifiki, bibi arusi huvikwa koja la asmini hiyo hiyo, na bwana arusi akavikwa koja refu la majani ya mmea wa maile, bila ua lolote. Majani matupu, na hakuna anayemcheka!

Ua hili lilisafiri pamoja na majahazi likaishia pale unyevu wa bahari unapoishia. Dodoma halikupanda. Basi hatuna asmini, hatuna mchungwa, na bibi zetu walituachia shanga. Tumebaki na daftari la kamati na kipengele cha maua. Hapo ndipo tunapofika kwenye ile barua.

Mama mmoja wa kijiji cha jirani alituandikia mwaka uliopita. Binti yake wa kwanza alikuwa anaolewa Septemba. Mpambaji wa mjini alitaka maua ya waridi yaletwe kutoka Arusha, kwa kuwa tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ifunguliwe mwaka 2018, maua hukatwa alfajiri na kufika kwetu siku hiyo hiyo. Shada la bibi arusi, vishada vya wapambe, maua ya kifuani ya wasimamizi, ya meza kuu, ya gari na ya tao la mlangoni. Mama alipiga hesabu akaona ni mbuzi wake watatu. Mbuzi hao aliwaweka kwa ajili ya ada ya chuo cha uuguzi ya binti yake wa pili. Wajumbe wa kamati wakamwambia, "Mama, arusi ni mara moja." Akatuuliza: "Je, ni dhambi nikikataa? Na nikikataa, binti yangu atanisamehe?"

Tulijadiliana hapa kabla ya kumjibu, na hatukuwa na neno moja. Mwenzetu mmoja alisema mbuzi wasiuzwe, basi. Mwingine alisema binti naye ana haki ya siku yake, na mama asiwe mkali kwa sababu yeye hakupata maua siku yake. Mwishowe tulimwandikia maneno machache: kabla ya kusema ndiyo au hapana, kaa na binti yako jikoni, wawili tu, bila kamati, umuulize anataka maua kwa ajili ya nini.

Mama alifanya hivyo. Binti alinyamaza kwanza, halafu akalia. Akasema hajali waridi. Anaogopa wenzake wa kazini kutoka mjini watakuja waone tao la vitambaa vya zamani vya kanisani, na watasema Wagogo hawajui arusi. Maua yale hayakuwa ya kwake wala ya mume wake. Yalikuwa ya watu wa kazini. Mama akamwambia habari za mbuzi na ada, jambo ambalo binti hakuwa amelijua, kwa kuwa wazazi wetu huwaficha watoto mambo ya fedha kana kwamba ni aibu. Wakakubaliana. Waridi sita tu zilinunuliwa mjini, zikawekwa katikati ya shada. Mengine yote yalitoka kijijini. Mdogo mtu alianza chuo Oktoba. Kama wageni wa mjini walisema neno, mama hakutuandikia, na sisi hatukuuliza.

Mengine yalitoka kijijini, tumesema. Yapi hayo, katika Septemba?

La kwanza ni bogenvilia. Hili ndilo ua la Dodoma, ingawa halikuzaliwa Dodoma. Lilikusanywa na wataalamu huko Brazil katika safari ya meli za Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville, aliyezunguka dunia kati ya mwaka 1766 na 1769, na jina ni lake. Mtaalamu wa mimea wa safari hiyo, Philibert Commerson, alikuwa na msaidizi aliyevaa mavazi ya kiume: kumbe ni mwanamke, Jeanne Baret, na ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Jina lake halikupewa ua hilo. Akina mama mtaelewa.

Uzuri wa bogenvilia kwetu ni huu: maji yakiwa mengi hutoa majani mabichi tu, na kiangazi kikikaza ndipo hujaa rangi. Na ile sehemu ya rangi, nyekundu au zambarau au nyeupe, si ua bali ni majani yaliyobadilika. Ua lenyewe ni kile kijineno cheupe kilichomo katikati. Kwa kuwa ni majani, hukauka polepole kama karatasi bila kupoteza rangi upesi. Kata matawi alfajiri, ondoa miiba kwa kisu, kisha pukutisha majani ya kijani yote, maana hayo ndiyo yanayonyauka kwanza na kufanya tao lionekane limechoka. Loweka matawi ndani ya beseni la maji mpaka saa ya kupamba. Ile nyeupe ni adimu. Ukijua nyumba yenye nayo, peleka salamu mapema pamoja na zawadi kidogo.

La pili ni masuke. Uwele na mtama vimekwisha kuvunwa, na masuke yaliyochaguliwa vizuri, yakafungwa kwa utepe mweupe, hayahitaji tone la maji na hukaa mwaka mzima. Tumeona meza kuu iliyopambwa kwa masuke ya mtama mwekundu na shanga za Kigogo zilizozungushwa kwenye vyungu vidogo. Wapiga picha kutoka mjini hawakuipiga meza nyingine.

Halafu mzabibu. Sisi wa Makutupora tuna kituo cha utafiti wa zabibu hapa hapa, na mashamba yetu huvuna mara mbili kwa mwaka, kwenye Machi na tena Agosti au Septemba. Zaburi ya 128 inamfananisha mke na mzabibu, na wachungaji wetu huisoma katika arusi nyingi, lakini ni mara chache mno tumeona jani la mzabibu katika kanisa linaposomwa! Ombeni ruhusa ya mwenye shamba. Osheni majani vizuri kwa sababu hupuliziwa dawa za ukungu. Yawekeni majini mpaka dakika ya mwisho, kwa kuwa jani la mzabibu likikatwa hulegea baada ya saa chache. Vichala vya zabibu vyenyewe vipangwe mezani, na watoto wavile baadaye.

Lakini ikiwa mtanunua waridi, sita au sitini, zitunzeni. Mkizipokea, kateni ncha za vikonyo upya kwa mshazari, toeni majani yote yatakayozama, na ziwekeni katika ndoo safi kivulini, mahali pasipo upepo. Katika kila lita moja ya maji tieni kijiko cha chai cha sukari na matone machache ya limau, mkabadilishe maji kila siku. Na jambo ambalo wengi hawalijui: msiyaweke maua chumba kimoja na mikungu ya ndizi inayoiva. Matunda yanapoiva hutoa hewa inayoyazeesha maua upesi. Katika nyumba ya arusi kile chumba chenye baridi ndicho kila mtu anachoweka kila kitu, na asubuhi watu wanalaumu muuza maua.

Maua ya plastiki na ya kitambaa? Hatuyachukii kama wengine wanavyoyachukia. Yamesaidia kanisa nyingi za vijijini, na yakiazimwa hayamgharimu mtu. Yafueni tu kwanza. Vumbi la Dodoma likishakaa miaka mitatu ndani ya waridi ya kitambaa, hata bwana arusi atapiga chafya.

Tafadhali sana, someni hili linalofuata kwa makini, maana kila mwaka tunaona watu wakitafuta kitu cha kijani wakati wa kiangazi na mkono ukaenda kwenye ua wa nyumba. Msipambe kwa mnyaa. Tunajua ni wa kijani mwaka mzima na unapatikana bure, lakini utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huunguza vibaya na unaweza kumpofusha mtu. Tao la mnyaa lililokatwa asubuhi hudondosha utomvu juu ya kila anayepita chini yake, na wanaopita kwanza ni watoto washika maua. Vivyo hivyo lile ua zuri la waridi la jangwani, lenye shina nene kama mbuyu mdogo, ambalo huchanua kiangazi bila majani. Utomvu wake ni sumu, na wawindaji wa zamani waliupaka kwenye mishale. Oleanda inayopandwa mbele ya nyumba za mjini nayo ni sumu, ua, jani na kijiti. Watoto hutia kila kitu mdomoni, na siku ya arusi hakuna mtu anayewatazama.

Tulisema tutarudia habari za binti wa Kirumi aliyechuma maua yake mwenyewe. Huko kwenye arusi ya mbuzi watatu ambao hawakuuzwa, kazi ya kukata bogenvilia ilifanywa na shangazi wawili, mama mkwe, na bibi arusi mwenyewe, Ijumaa alfajiri, wakienda nyumba hadi nyumba na mkokoteni. Mama mkwe alikuwa hajawahi kukaa na mkamwana wake peke yao. Walikata, wakachomwa miiba, wakasimuliana. Mama aliandika kwamba nyumba tisa zilitoa maua, na wenye nyumba hizo wote walikuja kanisani mapema ili kuona matawi yao yamewekwa wapi.

Limebaki swali la Jumatatu: maua yaende wapi arusi ikiisha? Mwaka 1923 Elizabeth Bowes-Lyon, ambaye baadaye alikuwa mama wa Malkia Elizabeth wa Pili, alipokuwa akiingia kanisani Westminster kuolewa, alisimama akaliweka shada lake juu ya kaburi la askari asiyejulikana. Kaka yake, Fergus, aliuawa vitani mwaka 1915. Tangu hapo maarusi wengi wa ukoo ule hupeleka mashada yao pale. Yule bibi yetu aliyeuliza nani amefariki angeielewa desturi hiyo bila kuelezwa, na hata hapa kwetu tumeona binti akipitia kaburi la mama yake kabla ya kwenda ukumbini. Asiharakishwe na dereva.

Familia ile ile ya kifalme ina jambo jingine la kuiga, nalo ni la bei nafuu. Mwaka 1845 Malkia Victoria alipewa na nyanya yake Albert kitawi cha mihadasi, na mche uliotokana nacho ukapandwa Osborne. Binti yake alibeba matawi yake katika arusi ya mwaka 1858, na maarusi wa nyumba ile wameendelea kuyabeba. Bogenvilia nayo huota kwa kijiti. Tao likivunjwa, chagueni vijiti vilivyokomaa, unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20. Toeni majani, muvichomeke kwenye mifuko au makopo yenye mchanga na samadi kidogo, mkaviweka kivulini na kuvinyunyizia maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni. Pandeni vingi, kwa kuwa vingine vitakufa. Mvua za Desemba zikianza, maarusi wapewe vitatu au vinne vya kupanda kwenye uwanja wa nyumba yao mpya, mbali kidogo na njia kwa sababu ya miiba, na mbuzi wazuiwe mpaka mwaka wa pili.